Kwenye MMA mdomo unalipa kuliko ngumi? Tuiangalie kesi ya Leon Edwards na Colby Covington

Kabali ya Nyuma (mleta uzi)

Wakuu habari za jumapili. Najua humu wengi wetu tunaamka saa kumi na moja alfajiri kuangalia UFC, ile kampuni kubwa ya mapambano ya MMA (ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja), halafu siku nzima tunashinda tunasinzia, sasa leo nataka tuongee kitu ambacho kila usiku wa mapambano ukiisha kinaleta ubishi, hii habari ya wapiganaji kupiga domo, kukejeli wenzao, kuvaa masuti ya ajabu, kutafuta kiki. Kuna watu wanasema ni upuuzi, mpiganaji apigane basi. Mimi nasema mdomo ni sehemu ya ile kazi na wanaoulaumu hawajaangalia hela inavyotembea. Ila kuna mdomo na mdomo, ntafika huko.

Kwanza tuelewane mkanda unavyopatikana. Kwenye mpira ukishinda unapewa pointi tatu, ukikusanya nyingi kombe lako, hakuna wa kukuuliza kama mashabiki wanakupenda. UFC hakuna ligi. Ipo orodha ya viwango ya kila uzito, waandishi wa habari wanapiga kura, lakini ile orodha haimfungi mtu. Anayeamua nani agombee mkanda ni kampuni yenyewe, na kampuni inajiuliza swali moja tu, hili pambano litauza?

Sasa mchukue Leon Edwards. Mzaliwa wa Kingston Jamaica, akahamia Uingereza utotoni, baba yake akauawa London yeye akiwa na miaka 13, akakulia Birmingham. Mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini, ukimwekea maiki anajibu ulichomuuliza anaondoka. Desemba 2015 alipoteza kwa Kamaru Usman, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa, baada ya hapo hakupoteza tena kwa miaka. Machi 2019 London anashinda pambano lake, yuko nyuma ya jukwaa, Jorge Masvidal naye usiku huohuo katoka kumzimisha Darren Till na anahojiwa, wakarushiana maneno, Masvidal akaacha mahojiano akamfuata mikono ikiwa nyuma, alipomfikia akamchapa za harakaharaka akampasua chini ya jicho. Kesho yake nani kawa staa? Masvidal. Kaulimbiu aliyotoa kuhusu zile ngumi ikaishia kwenye tisheti. Julai akamzimisha Ben Askren kwa goti la kuruka ndani ya sekunde 5, Novemba wakamtengenezea yeye na Nate Diaz mkanda mzima ambao haukuwepo, BMF, yaani wa mbabe kuliko wote, Madison Square Garden. Halafu akapewa Usman kugombea mkanda wenyewe Julai 2020, akapoteza, akapewa tena Aprili 2021, akazimishwa. Edwards muda wote huo anashinda na anasubiri.

Kinachoniuma zaidi ni Juni 2021. Wakampa Edwards Nate Diaz, raundi tano. Alimpiga Diaz dakika ishirini na kitu, damu tupu, akampeleka anavyotaka. Dakika ya mwisho Diaz akamgonga na mkono wa kushoto, Edwards akayumba, na Diaz badala ya kukimbilia kummaliza akasimama anamnyooshea kidole na kuwaonyesha watu, mmeona? Ndo kitu pekee watu wanakikumbuka kwenye lile pambano. Mshindi kashinda raundi nyingi lakini aliyeshindwa ndo katoka na jina.

Upande wa pili Colby Covington. Huyu mwanzoni alikuwa mwanamieleka wa kawaida kabisa, anashinda kwa kumlalia mtu, hakuna anayemjua. Oktoba 2017 akampiga Demian Maia palepale São Paulo halafu akashika maiki akawaambia wabrazili nchi yao jalala na wao wanyama wachafu. Ilibidi atolewe kwa ulinzi. Mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba kabla ya pambano lile alikuwa ameshaambiwa hawatamuongezea mkataba, ndo akaamua kuwa mtu mwingine. Toka hapo akawa shabiki wa Trump wa kupindukia, kofia nyekundu, matusi kwa kila mtu. Matokeo: kagombea mkanda halisi mara tatu, 2019, 2021 na Desemba 2023, zote kapigwa. Na hiyo ya mwisho alikuwa hajapigana karibu miaka miwili, kakaa nyumbani, akapewa. Na bingwa aliyekuwa anamkuta siku hiyo ni nani? Edwards huyohuyo.

Kwa wasiokumbuka Edwards aliupataje: Agosti 2022 Salt Lake City, Usman anaongoza, raundi ya tano, kona ya Edwards (makocha wake) inamfokea kabla hajainuka kwenye kiti kwamba aache kujihurumia. Imebaki chini ya dakika. Akatoa mkono wa kushoto kama geresha, Usman akainamisha kichwa pembeni kuukwepa, na kule alikokipeleka kichwa ndiko mguu wa kushoto ulikokuwa unakuja. Akaanguka macho wazi. Yule mpole akashika maiki analia anawafokea wote waliosema hawezi, na hiyo ndo hotuba bora ya MMA niliyowahi kusikia, wala hakuiandika mtu.

Mnasemaje wadau, mdomo au ngumi?

Dogo wa Kwa Mtogole

Naweka kiti hapa mkuu. Ila umeanza mbali, baba wa haya mambo ni Chael Sonnen. 2010 Anderson Silva kashinda kila mtu mpaka anachoka, Abu Dhabi aprili ile akamchezea Maia kama mtoto watu wakamzomea, hakuna aliyetaka kumwona tena. Akatokea Sonnen, mtu mwenye vipigo kibao kwenye rekodi yake, miezi mizima anaisema Brazil yote. Yule ndo alisimulia kwamba ndugu wawili akina Nogueira walipofika Marekani mmoja aliona basi kwenye taa nyekundu akadhani farasi akataka kulilisha karoti 😂😂. Upuuzi mtupu lakini unacheka. Na siku ya pambano Agosti 2010 akampiga Silva kweli, raundi nne nzima anamlalia na kumpiga, imebaki dakika mbili kasoro amalize kazi akanaswa kabali ya miguu. Alipoteza lakini akawa tajiri. Miaka mitatu baadaye akapewa Jon Jones kugombea mkanda akitokea kwenye kipigo, uzito mwingine kabisa!! Kuna namba inayoweza kueleza hiyo?

mama_judo

Wanaume mnaongea kama vile wanawake hawapo. Ronda Rousey mmemsahau? 2011 bosi wa UFC Dana White aliulizwa lini wanawake watapigana UFC akajibu hawatapigana kamwe. Rousey akiwa Strikeforce, kampuni nyingine ya MMA, bado mpya kabisa, Sarah Kaufman ndo alikuwa na foleni yake halali ya kugombea mkanda, lakini Ronda akaanza kumchokoza Miesha Tate mahojiano baada ya mahojiano kwamba pambano la hela ni mimi na wewe, Kaufman hamjui mtu. Wakampa. Machi 2012 akamkunja mkono Tate mpaka akasalimu amri. Februari 2013 UFC ikafungua uzito wa wanawake na pambano kubwa la usiku likawa lake na Liz Carmouche. Yaani huo mdomo haukumpa yeye peke yake riziki, umewapa ajira wanawake wote waliokuja baada yake, hilo mliweke kwenye mizani kabla hamjasema kiki ni ujinga.

Na kinyume chake Amanda Nunes. Desemba 2016 alimpiga huyohuyo Ronda sekunde 48, na matangazo yote kabla ya pambano yalikuwa ya Ronda karudi, Ronda karudi, bingwa mwenyewe kana kwamba hayupo. 2018 akamzimisha Cyborg, bingwa wa uzito wa juu yake, chini ya dakika, mikanda miwili. Bora kuliko wote na bado ukimtaja mtaani wanakuuliza ndo nani. Hakuwa mtu wa maneno, basi.

Shemeji wa Tandika

Hivi mnazunguka Las Vegas yote wakati mfano mnao hapa hapa. Mandonga Mtu Kazi! Najua ni ngumi siyo MMA ila somo ni lilelile. Karim Mandonga kwa ufundi kuna mabondia bongo hii wanamzidi mbali na hamna anayewajua hata majirani zao. Yeye kaipa ngumi jina, Sugunyo, akaenda nayo Nairobi Januari 2023 anaitangaza utadhani mzigo wa bandarini, wakenya wakajaa, na akampiga Wanyonyi. Akipigwa watu wanacheka, akishinda wanacheka, na tiketi zinanunuliwa. Hassan Mwakinyo alienda Birmingham 2018 akampiga Eggington kwao, hiyo ni kazi ya kiume kweli, lakini linganisha mtaani nani alikuwa anaigizwa na watoto.

Kabali ya Nyuma

@Shemeji umenichekesha ila umegusa kitu. Mandonga hatukani mama wa mtu wala kabila la mtu, anajisifu yeye. Hiyo ndo tofauti niliyosema ntaifikia.

@mama_judo hoja ya Kaufman sikuifikiria kabisa, asante.

Sheikh wa Geti

Mimi niko upande wa pili na sitanyamaza. Mnasifia sana. Desemba 2023 kwenye mkutano na waandishi Covington alimtaja marehemu baba wa Edwards, mtu aliyeuawa, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Edwards alirusha chupa akatetemeka. Hiyo ndo kazi? Na Conor McGregor Aprili 2018 alipanda ndege na genge lake mpaka Brooklyn akarusha toroli la mizigo kwenye basi lililokuwa na mpinzani wake Khabib Nurmagomedov, vioo vikavunjika, Michael Chiesa akachanika, Ray Borg akaumia jicho, wote wawili wakashindwa kupigana wikiendi ile, yaani watu wasiohusika wamekosa mshiko wao. Akakamatwa na polisi. Halafu kampuni ikafanya nini? Video ileile ya basi ikatumika kutangaza pambano lao la Oktoba. Likauza PPV (kulipia kuangalia pambano moja moja) milioni 2.4, rekodi yao. Ukiona hivyo ujue hakuna mstari, mstari ni hela tu.

Na kilichotokea usiku ule mnakijua. Dini ya mtu, baba wa mtu, nchi ya mtu vimeshatukanwa miezi, Khabib akamkaba raundi ya nne, halafu akaruka uzio kwenda kupigana na watu wa kona. Mnapanda hasira mnavuna hasira.

jabali_la_Deira

Sheikh nakuunga mkono ila Khabib mwenyewe ni ushahidi kwamba kuna njia nyingine. Huku Ghuba tulipo alipokuja Abu Dhabi Septemba 2019 kupigana na Poirier ilikuwa balaa, kofia za manyoya za Dagestan kila kona, na jua lile! Watu wamevaa manyoya mwezi wa tisa Abu Dhabi. Yeye hajawahi kutunga utani wala kuvaa suti ya kung'aa. Alikuwa na kofia, na baba yake ambaye ndo alikuwa kocha, na dini yake, na hakupoteza hata moja, 29 kwa sifuri mpaka anaondoka 2020. Hiyo nayo ni kujitangaza, tena kuzuri, sema haifanani na kujitangaza.

Dogo wa Kwa Mtogole

Mkuu Khabib anauza kwa sababu kuna McGregor upande wa pili. Demetrious Johnson naye alikuwa mpole, fundi kuliko wote, katetea mkanda mara 11 mfululizo, ile ya kumi na moja alimnyanyua mtu juu na kabla hajafika chini tayari kamshika mkono wa kuvunja, kitu cha sinema. Mwisho wake? 2018 wakambadilisha na Askren kama jezi, kaenda kampuni ya ONE huko Asia. Alikuwa anacheza gemu zake mtandaoni, ana mke na watoto, hana ugomvi na mtu. Hawakumnunua.

Kabali ya Nyuma

Sawa, sasa ngoja niongee hela maana ndo mzizi. Mpiganaji anayeanza UFC kwa miaka mingi mkataba wake ulikuwa dola 10,000 za kupanda na 10,000 nyingine akishinda. Inasikika nyingi ukiwa Mbagala, lakini humo kuna kocha, kuna meneja, kuna kodi, kuna madaktari na kambi ya miezi, na unapigana mara mbili tatu kwa mwaka kama hujaumia. McGregor pambano lake la kwanza Stockholm 2013 alikuwa anaishi kwa posho ya serikali Ireland, alikuwa fundi bomba mwanafunzi akaacha, alimzimisha Brimage kwa sekunde 67 na kitu cha kwanza alichopiga kelele ni bonasi ya dola 60,000. Watu wakacheka. Yule hakuwa anaigiza, alikuwa na njaa.

Zamani angalau ulikuwa na wadhamini wako, unabandika nembo kwenye bukta na bango nyuma yako. 2015 ikaja sare ya Reebok, nembo zote nje, badala yake unalipwa kwa idadi ya mapambano, mwenye machache dola 2,500, bingwa 40,000. Kuna waliokuwa wanapata zaidi ya hapo kwa mdhamini wa duka la matairi. Na kwenye kesi waliyofungua wapiganaji mahakamani ikaonekana wanachopata wote kwa pamoja ni kama asilimia 20 ya mapato, wakati NBA wachezaji wanakaribia nusu. Kesi iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 375, jaji akapitisha 2025. Kwahiyo mlango pekee wa hela kubwa ulikuwa asilimia ya PPV, na hiyo walikuwa wanapewa mabingwa na mastaa wachache. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani ndo uniambie kijana akae kimya.

Ndo maana nasema simchukii Covington kwa kuongea. Namchukia kwa sababu ni feki na uvivu. Sonnen alikuwa anakaa chini anatunga, mpaka adui yake anacheka. McGregor wa mwanzo alikuwa anatabiri raundi na anatimiza, Aldo miaka kumi hajapigwa, akasema ntamzimisha raundi ya kwanza, Desemba 2015 sekunde 13 kwisha, Madison Square mwaka uliofuata akashika mikanda miwili kwa mpigo. Covington anachukua kitu kinachouma zaidi kwenye maisha ya mtu anakitupa mezani, basi. Na usiku wenyewe dhidi ya Edwards alipigana kama kaja kuchukua posho, raundi tatu za kwanza hakuna kitu, mashabiki wanazomea.

Sheikh wa Geti

Hapo umeniambia kitu. Lakini bado mnasahau Francis Ngannou wa uzito wa juu. Huyu katoka kuchimba mchanga Batié Cameroon, kavuka jangwa la Sahara kwa miguu na magari ya wasafirishaji haramu, kafungwa Hispania, kalala kwenye maegesho ya magari Paris. Hajamtukana mtu. Simulizi yake tu inatosha. Akawa bingwa Machi 2021, mkataba ulipoisha akakataa hela yao akaondoka na jina lake Januari 2023, wakamwambia kajipoteza, Oktoba kule Riyadh kwenye ndondi akamwangusha Tyson Fury raundi ya tatu na akalipwa hela ambayo UFC asingeiona maisha yake yote. Alipoteza kwa pointi za majaji waliogawanyika na bado watu wengi wanasema kaibiwa.

mama_judo

Ngannou mnamsifia sawa lakini simulizi nayo inataka mtu wa kuisimulia. Alihojiwa mara ngapi kuhusu ule mchanga? Kila pambano. Angesema sitaki kuongea maisha yangu binafsi, nani angejua? Kuongea siyo kutukana tu jamani. Paddy Pimblett yule wa Liverpool mwenye nywele kama mop, watu wanamcheka, Julai 2022 London badala ya kutamba alishika maiki akawaambia wanaume waache kujificha na waongee wakizidiwa, rafiki yake alikuwa amejiua wiki ileile. Ukumbi mzima ukanyamaza halafu ukalipuka. Siku hiyo alipata mashabiki wa kudumu kuliko miaka ya kukata viuno akiingia.

jabali_la_Deira

Swali langu kwa mleta uzi. PPV ndo inakufa huko Marekani. Agosti 2025 wametangaza dili na Paramount, miaka saba dola bilioni 7.7, kuanzia 2026 mapambano yote makubwa unayapata ndani ya usajili wa kawaida, hakuna kulipia moja moja. Kampuni imeshalipwa hela yake kabla hata ya mtu kuvaa glavu. Sasa huo mdomo utamuuzia nani?

Kabali ya Nyuma

@jabali hilo ndo nalifikiria toka asubuhi. Naona kama mdomo utaongezeka siyo kupungua. Zamani staa alikuwa na silaha mkononi, anaweza kusema angalia nimekuuzia milioni moja, nilipe. Namba ipo, hata mahakamani inasomeka. Sasa hivi hakuna namba ya mtu mmoja, kila kitu kimeingia kwenye kapu moja, kwahiyo mpiganaji atakachobaki nacho ni wafuasi wake mwenyewe, chaneli yake ya YouTube, dili zake za nje. Watajirekodi kuanzia kupunguza uzito mpaka chooni. Na kampuni itazidi kuwa na nguvu maana ukileta ubishi wanakuweka benchi na wao mapato yao hayatikisiki. Edwards wa kesho, yule mpole anayeshinda kwa pointi kila mara, huyo ndo namwonea huruma, maana zamani angalau akipata mkanda alikuwa anaingia kwenye asilimia.

Shemeji wa Tandika

Kwahiyo tumtume Mandonga akawafundishe?

Kabali ya Nyuma

Aende na Sugunyo. Ila serious, vijana wa bongo wanaoanza MMA kwenye zile gym ndogo, jifunzeni kingereza cha kutosha kuongea kwenye maiki sekunde thelathini, taja jina la unayemtaka na tarehe. Wengi wanashinda halafu wanashukuru Mungu na kocha, maiki inarudi kwa mtangazaji, nafasi imeisha.